Aibu ya Aliyeuziwa Hewa: "Sakata" na Fedheha Isiyo na Mwenyewe Kajiado

Kuna madai mawili yanayosemwa kana kwamba yamekwisha kuthibitishwa. La kwanza ni la watafsiri: kwamba neno la Kiingereza "scandal" lina kisawe kamili katika Kiswahili, nacho ni kashfa kwa Mtanzania na sakata kwa Mkenya, tofauti ikiwa ni ya mpaka wa Namanga tu. La pili ni la wachambuzi wa siasa: kwamba Wakenya wamepoteza aibu, ndiyo maana mtu hutajwa leo katika wizi wa mali ya umma na kesho akapanda jukwaani kuomba kura. Nayapinga yote mawili kwa pamoja, maana la pili limezaliwa na la kwanza. Anayedhani kwamba sakata ndiyo "scandal" hutarajia kuwa palipo na sakata hapakosi mtu aliyefedheheka. Asipomwona, anahitimisha kuwa aibu imekufa. Haijafa. Imehama, na katika Kaunti ya Kajiado, hasa Kitengela, ilikohamia kunaonekana.

Kuhusu maana ya neno lenyewe katika Kiingereza hakuna ugomvi mkubwa. Asili yake ni neno la Kigiriki lililomaanisha mtego au kitu cha kujikwaa, na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilielewa vizuri walipochagua kikwazo na kukwaza. Katika matumizi ya leo, John B. Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu kashfa za kisiasa, ametuonyesha kuwa lazima pawe na kosa, kosa livuje, watu walilaani hadharani, na jina la mtu liwe hatarini. Namkubali. Hoja yangu inaanzia kwenye sharti hilo la mwisho.

Kashfa, iliyotokana na mzizi wa Kiarabu wa kufunua, humshika mtu. Magazeti ya Tanzania huandika bila shida kwamba waziri fulani "amekumbwa na kashfa", na mtu huulizwa kuhusu "kashfa yake". Kenya mambo ni mengine. Kitenzi kukashifu, katika magazeti yetu, kimekuwa kitenzi cha mlalamikaji: mbunge hukashifu serikali, maaskofu hukashifu ushuru. Kwa hiyo sikio la Mkenya linaposikia kashfa humgeukia kwanza anayesema, si anayesemwa. Sakata nayo, ambayo Watanzania huiweka katika ngeli ya LI-YA wakasema "sakata la Escrow", nasi tukasema "sakata ya NYS", ni jina la zogo. Ni tukio lenye vumbi na kelele. Mtu "hutajwa katika" sakata au "huhusishwa na" sakata, kama anayepita karibu na moto uliowashwa na wengine. "Sakata yake" ni nadra kuisikia.

Tazama pia sakata zetu zilivyobatizwa: Goldenberg, Anglo Leasing, NYS, KEMSA, mahindi. Ni kampuni, idara na nafaka. Waingereza wa mwaka 1963 waliiita yao kwa jina la waziri, Profumo. Najua nitajibiwa kuwa Wamarekani waliiita yao kwa jina la jengo, Watergate, na bado rais alijiuzulu. Na kwamba Richmond ni jina la kampuni, lakini Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu wa Tanzania Februari 2008. Nakubali kwamba jina la tukio peke yake halithibitishi kitu. Ndiyo maana sitegemei majina ya sakata kubwa za Nairobi. Ushahidi wangu ni mdogo na wa kila siku, nao ni lugha ya kununua na kuuza ardhi kusini mwa mto Athi.

Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Chini ya sheria ya mwaka 1968 iliyoruhusu ardhi kusajiliwa kwa jina la kikundi, ikawa ranchi ya pamoja yenye wawakilishi waliochaguliwa na wanachama. Ranchi hiyo ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya eneo la kusindika bidhaa za kuuzwa nje vikaja Athi River katika miaka ya 1990, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala. Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu watu 406,054 katika Kajiado nzima. Ya mwaka 2019 ilihesabu 1,117,840. Ongezeko hilo lilikuja na ploti: robo ekari, thumni ya ekari, futi hamsini kwa mia. Likaja pia na broka, wakili, mpima ardhi, na karatasi nyingi ambazo si zote zilikuwa na ardhi nyuma yake.

Aliyepoteza pesa kwa njia hiyo husema nini? Husema: "Niliuziwa hewa." Sentensi hii ndiyo data yangu kuu, nami nitaichambua. Kitenzi ni kuuza. Kikinyambuliwa kuwa kuuzia, kinamtaka muuzaji, mnunuzi na kitu. Kikinyambuliwa tena kuwa kuuziwa, mnunuzi anapanda kuwa kiima na muuzaji anaruhusiwa kutoweka. Kitu kilichouzwa, hewa, nacho hakipo. Kilichobaki katika sentensi ni mtu mmoja tu, naye ni aliyepunjwa. Ukiongeza visawe vyake vya mtaani, "nilichezwa", "nilitapeliwa", umbo ni lile lile. Msikilizaji naye mara chache huuliza "nani?" Huuliza: "Kwani hukufanya search?" Yaani hukuitazama rejista ya ardhi kabla ya kulipa? Swali hilo ni hukumu. Fedheha yote ambayo nadharia ya Thompson ingemtwika muuzaji imekwisha kumwangukia mlalamikaji kabla hajamaliza maneno yake.

Mpinzani makini atasema kwamba kauli ya kutendwa ni ya kawaida katika Kiswahili, na kwamba "niliibiwa" nayo humficha mwizi. Ni kweli kwa sarufi, si kweli kwa matumizi. Aliyeibiwa simu katika stendi ya Kitengela hupiga kelele na watu wakakusanyika. Hana la kuficha. Aliyeuziwa hewa hunong'ona. Wapo wanaoficha hata wake au waume zao, wakaendelea kusema kwamba hati "bado inashughulikiwa". Tofauti iko hapa: mwizi hakuhitaji ridhaa yako, lakini muuzaji hewa alihitaji saini yako, kitambulisho chako, na mara nyingi mkopo wa SACCO uliodhaminiwa na wenzako kazini. Kulalamika ni kutangaza saini hiyo. Kwa hiyo aibu ipo, tena kali, na kazi inayoifanya ni kumlinda tapeli.

Tazama pia maandishi yanayopakwa rangi kwenye kuta na mageti: "Shamba hili haliuzwi." Mgeni hucheka, akidhani mwenyewe anajisumbua kukataa bei ambayo hakuna aliyemtajia. Lakini maandishi hayo hayamjibu mnunuzi. Yanamjibu mtu asiyetajwa ambaye huenda wakati huu anaiuza ardhi hiyo kwingine. Umbo la sentensi ni lile lile tena, kitendwa bila mtenda. Mwenye mali halali ndiye anayebeba gharama ya kujitangaza, na rangi ananunua yeye.

Hapa ndipo ninapogombana na mwanaanthropolojia Max Gluckman. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1963 alidai kuwa umbea na kashfa huunganisha kundi: kusengenyana ni haki ya wanachama, mgeni hana ruhusa. Mfano wake mkuu ulikuwa Wamakah wa Amerika Kaskazini, waliochunguzwa na Elizabeth Colson. Kwa mantiki hiyo, mji wa wageni kama Kitengela usingekuwa na masimulizi mengi ya aibu, kwa kuwa hauna kundi moja la kuyalinda. Kumbe unayo tele. Robert Paine, aliyempinga mwaka 1967 kwa kusema kwamba umbea ni chombo cha mtu binafsi kutafuta maslahi yake, yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye hakuwazia soko ambamo maslahi ya kila mmoja ni kunyamaza. Jirani anayejua kuwa ploti ya pembeni ina hati mbili hasemi, kwa sababu akisema, thamani ya ploti yake nayo inashuka.

Wasomi wa ardhi ya Wamaasai nao hawajasalimika na uhamishaji huu wa aibu. Kitabu cha Marcel Rutten cha mwaka 1992 kuhusu Kajiado ni hazina, lakini jina lake, kwa maana ya kuuza utajiri ili kununua umaskini, limesafiri mbali kuliko kurasa zake. Limemwacha mfugaji akionekana mpumbavu aliyeuza, ilhali kurasa zenyewe zinaeleza mengi kuhusu waliopanga. Esther Mwangi, mwaka 2007, alionyesha kuwa katika ugawaji wa ranchi za Kajiado alizozichunguza, wanakamati na watu wao wa karibu walipata vipande vikubwa kuliko wengine. Huko Iloodoariak na Mosiro malalamiko ya wenyeji yamekuwa kwamba ardhi iliandikishwa kwa majina ya watu wasiokaa huko. Matukio haya yangestahili kuitwa fedheha kwa kila kipimo. Hata hivyo, mjadala wa umma kuhusu Kajiado humrudia mzee aliyeuza akanunua pikipiki. Wamaasai wana neno enkanyit, heshima inayodaiwa baina ya watu wanaojuana kwa rika na kwa ukoo. Mzee aliyeuza anadaiwa heshima hiyo kila siku. Kampuni iliyonunua haina rika.

Je, hakuna pale ambapo fedheha ilimpata mwenyewe? Ipo hoja ya mwaka 2024. Mnamo Agosti 19 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili walitekwa nyara Kitengela. Mahakama Kuu ikamwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, mara kwa mara bila kumwona, na Septemba 13 ikamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau. Watatu hao wakaachiliwa Septemba 20, naye akafika mahakamani, akaomba radhi, hukumu ikaondolewa. Hapo mtu alitajwa kwa jina na akasimama mbele ya watu. Lakini kosa lililomfedhehesha lilikuwa kutofika kortini, wala si utekaji, ambao polisi waliukana. Na tukio lenyewe linakumbukwa kwa jina gani? Watatu wa Kitengela. Jina limebaki kwa waliotekwa na kwa mji wao.

Haya yana uzito kwa sera. Serikali zetu zimependa orodha za aibu. Mwaka 2000 Bunge liliijadili ripoti ya kamati ya Musikari Kombo kuhusu ufisadi, na majina yakaondolewa. Tume ya Paul Ndung'u, mwaka 2004, ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, na ikaambatisha majina. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipeleka Bungeni orodha ya tume ya maadili yenye watu 175. Kila mara tuliambiwa kwamba hayo yangewaaibisha. Orodha huchukulia kuwa jina likichapishwa fedheha hufuata, lakini jina linaloingia katika sakata linaingia mahali ambapo kila mtu "ametajwa" tu. Pengine ingefaa kusema waziwazi kwamba orodha ndefu humpa mtajwa wenzake wa kujificha nyuma yao. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyosababisha hali hii. Nadai kwamba lugha imeipa malazi.

Mahali pekee Kajiado ambapo nimeona aibu ikimfuata muuzaji ni kikao cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Shamba haliuzwi bila idhini yake, na kwa desturi mwenye shamba hufika na mke na watoto wazima. Mke huulizwa mbele ya wazee kama amekubali, naye akisema hapana, faili hurudishwa. Swali ni fupi na lina kiima, na anayeulizwa na anayeuza wote wana nyuso. Lakini ploti nyingi za Kitengela zilikwisha kubadilishwa matumizi kutoka kilimo kuwa makazi, na ardhi ya aina hiyo haipiti tena mbele ya bodi. Zinauzwa ofisini, kwa karatasi, na kampuni ambazo wakurugenzi wake mnunuzi hajawahi kuwaona.