Mama aliyesemekana amewakimbia watoto wake (Historia ya podikasti za uhalifu na haki, sehemu ya 3)



Najua wengi wenu mnasikiliza podikasti za kesi na mauaji mkiwa mnanyonyesha, mnakunja nguo za watoto au mko kwenye foleni ya daladala. Wengine mnaniambia kabisa, "Nesi, bila hiyo silali." Sawa. Leo nataka tuangalie kesi moja ambayo podikasti iliifufua, na hiyohiyo podikasti nusura iiharibu. Ni kesi ya mama wa watoto wawili. Na alikuwa nesi. Twende taratibu.

Kwanza tujikumbushe tulipotoka. Neno "podcast" lilianza kuandikwa magazetini mwaka 2004, na mwaka 2005 kampuni ya Apple ikaziweka podikasti kwenye programu yake ya muziki. Kwa miaka karibu kumi zilikuwa kitu cha watu wachache. Halafu Oktoba 2014 ikaja Serial, ya mwandishi Sarah Koenig wa Marekani. Ilikuwa na vipindi 12 juu ya kesi moja tu: mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa sekondari huko Baltimore mwaka 1999, na kijana Adnan Syed aliyefungwa maisha kwa mauaji hayo. Dunia nzima ikakaa kusikiliza. Kuanzia hapo kila chombo cha habari kikataka podikasti yake ya uhalifu.

Australia nayo haikubaki nyuma. Sasa tuingie kwenye kesi yetu.

LYNETTE

Lynette Simms, waliomzoea walimwita Lyn, alikuwa amesomea uuguzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, kaskazini mwa jiji la Sydney. Mumewe, Chris Dawson, alikuwa amewahi kucheza ragbi, na wakati huo alikuwa mwalimu wa michezo sekondari. Mtu anayejulikana mtaani, mwili wa mazoezi, mtu wa watu. Walikuwa na binti wawili, mmoja miaka 4, mwingine 2.

Januari 1982 Lyn akatoweka. Alikuwa na miaka 33.

Mara ya mwisho mama yake mzazi alizungumza naye kwa simu usiku wa tarehe 8. Kesho yake walikuwa wakutane kwenye bwawa la kuogelea, bibi awaone wajukuu. Lyn hakutokea. Mumewe akasema amempigia simu, anasema anahitaji muda wa kupumzika, atarudi. Siku zikapita. Akasema amepiga tena. Siku zikapita tena. Polisi walipewa taarifa baada ya wiki kama sita, tena kama taarifa ya mke aliyeondoka nyumbani kwa hiari yake.

Na mnajua ndani ya siku chache nani aliingia kuishi kwenye ile nyumba? Binti wa shule. Mwanafunzi wa shule aliyokuwa akifundisha Dawson, ambaye alikuwa akija pale kuwaangalia watoto. Mwaka 1984 akamuoa.

Ukisoma leo unashangaa: jamani, hakuna aliyeuliza? Waliuliza. Ndugu zake waliuliza, rafiki zake waliuliza, wenzake kazini waliuliza. Lakini jibu lilikuwa limeshakaa mezani, na lilikuwa jepesi kumeza: ameondoka mwenyewe, amewakimbia watoto, labda amepata mwanaume, labda amejiunga na dini fulani. Hadithi ya mwanamke aliyetelekeza familia haihitaji ushahidi mwingi ili iaminiwe. Hata kwetu ni hivyo. Mwanaume akitoweka, tunasema amepatwa na nini? Mwanamke akitoweka, tunasema ameenda kwa nani?

Hapa niseme neno kama nesi. Ni kweli wapo akina mama wanaoondoka. Msongo baada ya kujifungua upo, kipigo kipo, kuchoka kupo, na mama anaweza kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo "alikuwa anawapenda sana wanawe" peke yake si ushahidi wa mahakamani. Lakini mama anayeondoka huacha nyayo. Atampigia mtu, hata mmoja. Ataulizia mtoto alivyo. Ataonekana hospitali, benki, kazini, popote. Lyn hakuacha chochote kilichothibitika. Si siku ya kuzaliwa ya mtoto, si msiba wa mzazi, si kadi, si salamu.

MIAKA 36 YA KUSUBIRI

Mwaka 1990 yule aliyekuwa binti wa shule, sasa mtu mzima, akaachana na Dawson na kwenda kuwaeleza polisi anayoyajua. Uchunguzi ukaanza upya. Mwaka 2001 na tena 2003 ulifanyika uchunguzi wa kimahakama kuhusu kifo cha Lyn, na mara zote mbili wakapendekeza mtu ashtakiwe kwa mauaji. Ofisi ya mashtaka ikasema ushahidi hautoshi. Hakuna mwili, hakuna silaha, hakuna aliyeshuhudia. Faili likarudi kabatini. Mama yake Lyn alifariki mwaka 2001 bila kujua mwanawe yuko wapi.

Mei 2018 mwandishi Hedley Thomas wa gazeti la The Australian akaanza kutoa podikasti iitwayo The Teacher's Pet. Yeye kesi hii aliijua tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Alichofanya si uchawi. Aliwarudia watu. Majirani, walimu, waliokuwa wanafunzi, marafiki wa Lyn, ndugu zake. Akawaacha waongee kwa sauti zao wenyewe, na wengine hawakuwahi kusikilizwa vizuri hata siku moja. Na kwa sababu vipindi vilikuwa vinatoka huku uchunguzi unaendelea, wasikilizaji wakawa wanampigia: mimi nilikuwa jirani, mimi nilisoma pale.

Hapo ndipo podikasti inapolizidi gazeti. Kwenye gazeti, dada wa marehemu anapata mistari miwili. Kwenye podikasti anapata dakika ishirini, unamsikia anavyovuta pumzi kabla hajajibu. Lyn akaacha kuwa "mke aliyetoroka" akawa mtu.

Ilipakuliwa makumi ya mamilioni ya mara. Septemba 2018 polisi wakachimba uwanja wa nyumba ya zamani ya familia. Hawakupata mwili. Lakini tarehe 5 Desemba 2018 Dawson akakamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Mwaka huohuo podikasti ikapata Walkley ya Dhahabu, tuzo kubwa kabisa ya uandishi wa habari Australia.

Wengi wanaosimulia huishia hapa. Sisi tusiishie hapa.

PODIKASTI ILIPOGEUKA MZIGO

Mtu ameshtakiwa, sasa anahitaji mahakama inayomsikiliza bila kuwa imeshamhukumu. Utawapata wapi watu wa baraza la kuamua kesi ambao hawajasikiliza vipindi vyote, au hawajasimuliwa na shemeji? Mwaka 2019 podikasti ikaondolewa isisikike ndani ya Australia ili kulinda kesi. Mwaka 2020 jaji akaisimamisha kesi kwa muda wa miezi kadhaa kwa sababu ya yale matangazo. Mawakili wa Dawson wakaomba isimamishwe moja kwa moja, wakakataliwa. Lakini fikirini: mahakama ingewakubalia, basi. Familia iliyosubiri tangu 1982 ingepoteza kesi kwa sababu ya kitu kilekile kilichoifufua.

Na kuna jambo la kumbukumbu. Mtu anayekumbuka mambo ya miaka 36 nyuma, halafu amesikiliza vipindi zaidi ya kumi kuhusu mambo hayohayo, anajuaje hili niliona na hili nilisikia? Mawakili wa utetezi walilibana sana hilo. Sisi wodini tunalijua. Waulize ndugu watatu mgonjwa alianguka saa ngapi; kama wamekaa pamoja nusu saa kwenye benchi la nje, watakupa saa moja. Haina maana wanadanganya. Wameshachanganya.

Mwisho kesi ikasikilizwa mwaka 2022 na jaji peke yake, Ian Harrison, bila baraza. Tarehe 30 Agosti 2022 alisoma hukumu kwa karibu saa tano, akipitia jambo moja baada ya jingine. Alikataa madai ya watu waliosema walimwona Lyn baada ya siku ile. Alisema zile simu alizodai mume kupigiwa zilikuwa uongo. Akamkuta na hatia. Desemba akamhukumu miaka 24. Mwaka 2024 rufaa yake ilikataliwa.

Mwili wa Lyn haujapatikana hadi leo. Jimbo la New South Wales lilipitisha sheria mwaka 2022: muuaji asiyesaidia kuonyesha mwili ulipo hapati paroli. Wanaiita sheria ya Lyn. Na familia yake iliomba jambo moja dogo ambalo mimi lilinigusa kuliko yote: aitwe Lynette Simms, jina la kwao, si la mwanaume aliyemuua.

SI KILA KESI HUISHA HIVI

Mwaka huohuo wa 2018, podikasti ya Marekani iitwayo In the Dark ilichunguza kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, mtu mweusi aliyeshtakiwa mara sita na mwendesha mashtaka yuleyule kwa mauaji ya watu wanne ya mwaka 1996. Waandishi wale walikaa na makaratasi ya mahakama wakahesabu: weusi walikuwa wakiondolewa kwenye mabaraza karibu mara nne na nusu kuliko weupe. Shahidi mmoja muhimu akawaambia kuwa alidanganya. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha hukumu, na mwaka 2020 mashtaka yakafutwa. Alikaa ndani karibu miaka 23.

Na ile Serial? Hukumu ya Adnan Syed ilifutwa 2022, ikarudishwa 2023, na mwaka 2025 jaji akaamua muda aliokaa jela unatosha, lakini hatia imebaki palepale. Miaka zaidi ya kumi ya mabishano. Kaka yake Hae alisema mahakamani kwamba kwake yeye hii si podikasti, ni maisha yake. Sentensi hiyo tuibebe.

TUCHUKUE NINI NYUMBANI

1. Ukisikiliza, jiulize: huyu mtangazaji amenionyesha karatasi na mashahidi, au ananipandisha presha tu kwa muziki? In the Dark walihesabu. Wengine wanakisia.

2. Jiulize marehemu yuko wapi kwenye simulizi. Kama umesikiliza saa tano na humjui aliyeuawa alipenda nini, hiyo ni biashara.

3. Watoto wanasikia. Wa miaka 4 hajui Australia ni wapi. Anajua tu mama mmoja alipotea akawaacha watoto wake, na usiku atakuja kitandani kwako akulalie juu ya mkono. Vaa spika za masikioni.

4. Mwanamke unayemfahamu akitoweka, usisubiri wiki sita, na usimwachie mtu mmoja kazi ya kutoa taarifa kwa niaba ya wote. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Andika tarehe, saa, maneno aliyosema mara ya mwisho, na nani alikuambia nini. Andika siku hiyohiyo, kabla hujakaa na wengine kujadili. Kazini kwetu kisichoandikwa kwenye faili kinahesabiwa hakijafanyika, na kesi ya Lyn inaonyesha hata nje ya hospitali ni vilevile. Yaliyokuwa vichwani mwa majirani kwa miaka 36 yangekuwa na nguvu kiasi gani kama mtu angeyaandika Februari 1982?

5. Na kabla ya kusema "amewakimbia watoto wake", uliza swali moja: nani kasema? Kwa Lyn, aliyesema alikuwa mtu mmoja tu. Mtaa mzima ukarudia maneno yake.

Sehemu ya 4 tutarudi kwenye redio, maana kabla ya podikasti bibi zetu walikuwa na saa yao ya kusikiliza, na nayo ina historia yake.

Mama unayenyonyesha saa hizi, kunywa maji. Usiku mwema.