Milango ya Nyuma: Historia ya Baa za Siri za Eastlands

Baa ya kwanza ya halali katika mitaa ya Waafrika wa Nairobi ilikuwa mali ya Manispaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji waliwakusanya Waafrika Pumwani, mashariki ya stesheni ya reli, upande unaoitwa Eastlands, na humo wakafungua ukumbi wa pombe. Mpango wenyewe waliuiga Durban, ambako sheria ya 1908 ilikuwa imeupa mji haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Faida ilitengwa kugharimia huduma za Waafrika, hivyo kadiri wakazi walivyolewa ndivyo mfuko wao ulivyonona. Bia ya chupa haikuwahusu. Kenya Breweries ilianza Ruaraka mwaka 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa hadi baada ya Vita Kuu vya Pili.

Ukiritimba huo ndio mama wa baa ya siri. Aliyetaka kunywa bila kutazamwa na askari alipita vichochoro vya Majengo, humohumo Pumwani. Nyumba za huko zilifaa kwa kazi hiyo: kuta za udongo, ukumbi wa kati wenye vyumba huku na huku, na ua wa nyuma ambao mpita njia hauoni. Nyingi zilimilikiwa na wanawake. Mtafiti Janet Bujra, aliyeandika juu ya wanawake wa Pumwani mwaka 1975, alionyesha kwamba upikaji wa pombe ulikuwa mmojawapo wa mitaji iliyowawezesha kujenga na kununua nyumba mjini, wakati ambapo serikali ilimtaka Mwafrika awe mwanamume, awe peke yake, na arudi kwao kazi ikiisha. Manispaa ilikuwa ikishindana na wapangishaji wa mji wenyewe.

Mji ukapanuka, na vichochoro vikafuata. Pangani ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ikajengwa Shauri Moyo. Miaka ya 1940 ikaja Kaloleni, iliyojengwa kwa jasho la mateka wa vita wa Kiitalia. Kisha Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, unywaji ukawa siasa: Mau Mau walipiga marufuku mabasi, sigara na bia ya Mzungu, na aliyekaidi alijua linalomngoja. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza wakaanza Operesheni Anvil, wakawazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa hii hadi kwenye kambi za kizuizini. Katika miaka hiyo mlango uliofungwa kwa ndani ulificha mambo makubwa kuliko mtungi wa pombe.

Uhuru ulimruhusu kila mtu kunywa alichotaka, ila haukumpa pesa ya chupa. Wanawake wasio na ajira wala shamba walishuka bonde la Mathare, wakageuza ufundi wa nyumbani kuwa biashara. Unga wa mahindi ulilowekwa siku kadhaa, ukakaangwa kwenye bati juu ya moto hadi ukawa kahawia, ukatiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uumuke, kisha ukachujwa kwa kitambaa. Hiyo ndiyo busaa, nzito kama uji, inayonywewa koponi. Nici Nelson, aliyeishi na wapikaji hao mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta kwamba nguvu yao ilikuwa kusaidiana. Polisi walipomkamata mmoja, wenzake ndio waliohangaikia faini, na watoto wake hawakulala njaa.

Mwaka 1980 ulikutanisha mambo mawili. Serikali ya Rais Moi, ambayo ilikuwa imekwisha kufunga vilabu vya busaa, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mwaka huohuo, upande wa pili wa jiji, Lang'ata, ulifunguliwa mkahawa wa Carnivore, ambao baadaye uliipa dunia kokteli ya Dawa: vodka, ndimu, asali na barafu, vikikorogwa kwa kijiti. Vodka na chang'aa zote ni kileo kilichokenekwa. Moja ilihudumiwa kwa tabasamu na risiti. Nyingine ilimpeleka mama wa Mathare mahakamani.

Marufuku hayakuiua chang'aa, yaliitelemsha mtoni. Anayepika huanza na kangara, yaani sukari au molasi na maji vilivyoachwa kuchacha, kisha huichemsha kwenye pipa lililozibwa. Mvuke hupita ndani ya bomba, na bomba huhitaji maji baridi ili mvuke ugeuke matone. Kwa hiyo Mto Mathare ukawa sehemu ya mtambo: maji ya kupoozea, tope la kufukia mapipa na vichaka vya kujificha. Huko juu, mama pima aliuza glasi kwa glasi mlangoni pake, huku hongo ya polisi ikiwa gharama ya kawaida kama kuni.

Biashara isiyokaguliwa humkaribisha mjanja. Novemba 2000, katika vibanda vya Mukuru, wanywaji wa kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa bei yake ya shilingi 10, walianza kupofuka na kufa. Pombe ilikuwa imetiwa methanoli ya viwandani, ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho. Zaidi ya watu 130 walikufa.

Baada ya hapo ndipo dola ilipokumbuka kwamba mnywaji maskini ana bei yake. Mwaka 2004 ushuru ulilegezwa, ikazaliwa Senator Keg, bia ya pipa inayouzwa kwa kikombe. Watu wakaihamia, na Barack Obama alipovuma wakaipa jina lake. Mwaka 2010 ikaja sheria ambayo kila mnywaji anaijua kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Iliihalalisha chang'aa itakayopikwa kwa viwango na kufungwa kwenye chupa, na ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Mwaka 2013 keg ikarudishiwa ushuru, mauzo yake yakaporomoka. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa nje ya jiji. Mwaka 2015 ushuru ukalegezwa tena.

Saa za Mututho zilizaa mtindo ambao Buruburu, Umoja na Donholm wanaujua vizuri. Saa tano ikigonga, mlango wa chuma huteremshwa, muziki hupunguzwa, na walio ndani hubaki ndani. Kafyu ya korona, iliyoanza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021, iliufanya mtindo huo kuwa shule. Wahudumu walijifunza kuuza sebuleni na jikoni, na kuchanganya vinywaji kwa oda ya simu. Mteja wa leo anayeagiza kokteli katika chumba kisicho na kibao anafuata njia iliyokanyagwa na bibi zake.

Hapo ndipo Eastlands inapoachana na miji inayojivunia baa zake za vichochoroni. Marekani ilikuwa na zake kati ya 1920 na 1933, chini ya marufuku, na asali na ndimu zilisaidia kuficha ubaya wa jini. Melbourne ilipata zake kwa njia iliyo kinyume: baada ya ripoti ya Nieuwenhuysen ya 1986 leseni zililegezwa, mtu wa mtaji mdogo akaweza kufungua baa ndogo, na Meyers Place ikafunguliwa kichochoroni mwaka 1994. Kule, leo, kujificha ni urembo. Huku Nairobi, kwa miaka 100, kumekuwa jibu kwa swali la nani aruhusiwe kupata faida.

Kwa hiyo anayetaka kujua baa ya siri inayofuata itafunguliwa mtaa gani asisumbuke kuzunguka usiku. Na asubiri Juni, Waziri wa Fedha asome bajeti, kisha atazame ushuru wa bia ya kikombe.