Kutoka Maziwa ya Nyayo hadi Githeri: Mbona Tunahesabu Sahani Tu?

Mtajie Mkenya aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980 "maziwa ya Nyayo", kisha kaa umsikilize. Atakueleza ile pakiti ya pembe tatu, mililita 200, na jinsi walivyoing'ata kona kwa meno kabla mwalimu hajamaliza kugawa. Kumbukumbu tamu kweli. Lakini sisi tunaosomea lishe tuna maswali matatu ya kuuliza kuhusu chakula chochote cha shule. Kilifika kwenye sahani? Mtoto alikila? Na baada ya kukila, mwili wake ulipata nini?

Historia yetu ina majibu mengi ya swali la kwanza. Leo hebu tuifuatilie tukiwa na yale mawili mengine mkononi.

Kabla ya Nyayo

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa lishe wa Scotland aitwaye John Boyd Orr alionyesha kwamba watoto wa shule waliopewa maziwa kila siku waliongezeka urefu na uzito kuliko wenzao. Mwaka 1931 yeye na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika koloni la Kenya, walitoa ripoti iliyolinganisha Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi na maharagwe. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi kwa wastani wa inchi 5 na wazito zaidi kwa karibu kilo 10.

Sasa, tahadhari. Kulinganisha jamii mbili si jaribio. Jamii hizo zilitofautiana kwa mengi zaidi ya chakula: kazi, magonjwa, mazingira, na jinsi ukoloni ulivyogusa ardhi yao. Halafu kuna jambo ndani ya ripoti hiyo ambalo watu hulipita haraka: wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko wanaume wao. Yaani jibu halikuwa maziwa peke yake. Lakini maziwa ndiyo yaliyobaki vichwani mwa wapangaji wa sera.

Pakiti mbili kwa wiki

Rais Moi aliingia madarakani mwaka 1978, na mwaka uliofuata mpango wa maziwa ukaanza katika shule za msingi kote nchini. Kwa kawaida mtoto alipata pakiti moja mara mbili kwa wiki, bure. Pakiti hiyo ilikuwa na takriban gramu 6 za protini, kalsiamu ya kutosha, na vitamini B12, ambayo mahindi na maharagwe hayana kabisa. Kwa mtoto aliyekula vyakula vya shambani tu wiki nzima, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Shida ni kwamba maziwa hayana subira. Lori likikwama kwenye matope, au pakiti zikikaa juani, unachogawa si lishe tena. Na aliyepewa kazi ya kuyasindika, shirika la KCC, alianza kuyumba kifedha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango ulikuwa umekwisha.

Mahindi yanayongoja

Wakati huohuo, mwaka 1980, serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walianza kulisha watoto wa shule katika maeneo kame. Huko hawakupeleka maziwa. Walipeleka vitu vinavyoweza kungoja: mahindi, maharagwe na mafuta. Kipimo kilichozoeleka kwa mtoto mmoja kwa siku kilikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Ukipiga hesabu, ni karibu kilokalori 700. Mtoto anashiba, anakaa darasani.

Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wake yenyewe wa kununulia shule chakula kutoka karibu, na kufikia 2018 ilikuwa imepokea jukumu lote kutoka kwa WFP. Hayo ni mafanikio makubwa, tusiyadharau. Lakini soma tena kile kipimo. Hakuna mboga, hakuna tunda, hakuna chochote kitokacho kwa mnyama. Je, ina maana yoyote kwa mtoto?

Jibu lilitoka Embu

Mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua shule 12 katika eneo la Kyeni, Embu. Waligawa shule hizo kwa bahati nasibu katika makundi manne. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi moja walipewa githeri ya kawaida, wengine githeri yenye nyama ya kusaga, wengine githeri na glasi ya maziwa. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni, na familia zake zilipewa mbuzi.

Nishati ilisawazishwa kwa mafuta, kwa hiyo tofauti ilikuwa kwenye ubora wa chakula. Baada ya takriban miaka miwili, makundi yote matatu yaliyolishwa yalikuwa yameongeza uzito kuliko lile la nne. Kati ya waliokunywa maziwa, wale waliokuwa wamedumaa waliongezeka urefu zaidi. Vitamini B12 ilipanda kwa waliopata nyama au maziwa. Na katika mtihani wa kutatua mafumbo ya michoro, waliokula nyama waliwapita wote. Hata uwanjani walionekana wachangamfu zaidi.

Kuna funzo jingine. Kwa kundi la githeri ya kawaida na lile la maziwa, chakula kilicholiwa nyumbani kilipungua. Sahani ya shule ilichukua nafasi ya sehemu ya sahani ya nyumbani. Kwenye daftari la shule, hilo huwezi kuliona.

Wala nyama haikutibu kila kitu: viwango vya madini ya chuma mwilini havikupanda, na malaria, iliyokuwa tele eneo hilo, ni mojawapo ya sababu.

Hasara mbili

Tukisema chakula kinapotea shuleni, tunafikiria ndoo ya makombo. Hiyo ni hasara ya kweli. Maharagwe yaliyohifadhiwa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu. Yanachemshwa saa nyingi, yanamaliza kuni, na bado yanabaki kama kokoto. Mtoto anayaacha, na hapo ndipo protini ya sahani ilipokuwa.

Hasara ya pili haionekani. Mahindi na maharagwe yana kemikali iitwayo faiteti, inayoshikamana na madini ya chuma na zinki tumboni hadi mwili ushindwe kuyafyonza. Mtoto amemaliza sahani, ila sehemu kubwa ya madini hayo inampita tu. Dawa yake haihitaji maabara. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage yale maji: faiteti inapungua, na yanaiva haraka. Ongeza kipande cha pera au chungwa, maana vitamini C husaidia kufyonza chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo. Na kama nyama ni ghali, omena wa kusagwa wana B12, kalsiamu na chuma.

Siku hizi hesabu imekuwa rahisi kuliko zamani. Katika mpango wa Dishi na County, ulioanza Nairobi mwaka 2023, mzazi analipa shilingi 5 kwa mlo, na mtoto anagusisha bangili ya kielektroniki ili apate chakula. Bangili inajua ni nani amepokea sahani. Haijui nini kimebaki juu yake.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano wa wazazi, usiulize tu watoto wangapi wamekula. Uliza maharagwe yalilowekwa saa ngapi, na mboga au omena viliingia kwenye sufuria mara ngapi wiki hii. Kisha omba makombo yapimwe kwa wiki moja, kila siku, na yaandikwe. Mizani ya jikoni na daftari vinatosha kuanzia.