Vilabu vya mashabiki wa hadithi za kisayansi: miaka ya mwanzo

Vilabu vya mashabiki wa hadithi za kisayansi ni vikundi vya wasomaji waliokutanishwa na masimulizi ya roketi, mashine na walimwengu wa sayari nyingine. Vilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mzizi wake ni anwani ya posta. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg, alianzisha jarida la Amazing Stories Aprili 1926. Baadaye aliwatengea wasomaji kurasa za barua, na chini ya barua akachapa jina na anwani ya aliyeiandika. Haikuchukua muda wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, bila kumpitia mhariri.

Mtu wa Bangale, Tana River, hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Watuma salamu wa redio walijuana vivyo hivyo: jina la mtu na kwao likishatajwa hewani mara kwa mara, huzoeleka kwa watu asiopata kuwaona, na kadi za salamu zikazaa vilabu.

Klabu ya mwanzo inayokumbukwa kwa kukutana ana kwa ana ni Scienceers ya New York, iliyoanza tarehe 11 Desemba 1929. Wanachama wengi walikuwa vijana wa Kizungu wasiotimiza miaka 20. Mwenyekiti wao, Warren Fitzgerald, alikuwa Mmarekani Mweusi, na kikao cha kwanza kilifanyika nyumbani kwake Harlem. Wanaosema kwamba watu weusi waliingia juzi tu katika fani hii hawajalisikia jina hilo.

Chicago nako, Science Correspondence Club ilitoa The Comet Mei 1930, jarida linalohesabiwa kuwa la kwanza la mashabiki. Mwaka 1934 Gernsback aliunda Science Fiction League, yenye matawi. Lile la Los Angeles limedumu kama klabu inayojitegemea. Tawi la Leeds, Uingereza, liliandaa mkutano tarehe 3 Januari 1937, na kijana Arthur C. Clarke, mwandishi wa baadaye, alihudhuria. Wamarekani hudai walitangulia kufanya mkutano wa aina hiyo, kwa kuwa Oktoba 1936 mashabiki wa New York walipanda treni kuwatembelea wenzao wa Philadelphia. Ubishi huo haujaisha.

Ugomvi haukukosekana. Kongamano la kwanza la dunia lilipofunguliwa New York tarehe 2 Julai 1939, mbele ya watu wapatao 200, wanachama sita wa kundi la mashabiki la Futurians, akiwemo Frederik Pohl, mwandishi wa baadaye, walizuiwa mlangoni kwa sababu ya siasa zao.

Afrika Mashariki, intaneti ndiyo iliyoshika nafasi ya posta. Umoja wa waandishi wa Jalada, wenye makao Nairobi, ulitoa mtandaoni toleo la hadithi za wakati ujao, Afrofuture(s), mwaka 2015. Kabla ya hapo, 2009, Wanuri Kahiu alikuwa ametengeneza Pumzi, filamu fupi kuhusu ulimwengu uliokaukiwa maji, ambamo watu hupimiwa kila tone.