Kabla ya Apu ya Paking Kulikuwa na Foleni ya Kisima

Wasee, Jumamosi hapa Isiolo town niliona Probox mbili zikigombania nafasi moja mbele ya duka. Madereva walitupiana maneno karibu dakika ishirini. Nyuma yao kulikuwa na pikapu imebeba mama mgonjwa, inapiga honi, na hakuna aliyejali.

Nilisoma kompyuta chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na jamaa tuliyesoma naye akaniambia hiyo ni shida ya apu tu. Si uongo. Wazo lipo zamani. Mwaka 1980 mtaalamu anaitwa Reid G. Smith aliandika jinsi kompyuta zinavyoweza kupatana zenyewe: moja inatangaza kazi, zingine zinatoa ofa, ofa bora inashinda. Sasa weka paking hapo. Simu yako inasema, "Niko dakika tano kutoka hapo, nitakaa saa moja, ninaweza kulipa hivi." Nafasi zinajibu. Wewe unaendesha tu, kelele inafanywa na mashine.

Tamu, sivyo? Lakini ofa bora ni ya nani? Mwaka 2014 huko San Francisco kulikuwa na apu inaitwa MonkeyParking. Ukiwa umeegesha barabarani, unapiga mnada nafasi yako kwa anayetaka kuingia ukitoka. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, akawaamuru waache. Barabara ni ya umma, huwezi kuuza kitu si chako.

Hapo ndipo nikakumbuka wazee wetu. Waborana wamekuwa wakigawa kitu adimu kuliko paking: maji. Kisimani kuna aba herega, mtu wa kupanga zamu. Anajua ni mifugo ya nani inakunywa leo na ya nani kesho. Ukija na ng'ombe mia hujisukumi mbele kwa sababu una pesa. Malisho nayo yalikuwa chini ya baraza la dedha hapa Waso: sehemu za mvua, za kiangazi, na za akiba ya ukame. Ukitoka mbali unaomba kwanza, mnaketi, mnakubaliana. Hiyo ni mapatano kabisa, ila kila mtu aliijua sheria na alijua mzee wa kumlalamikia.

Halafu ikavunjwa. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya watu kwenye kambi kama Garba Tulla na Merti. Mifugo mingi iliuawa au ikachukuliwa. Watu hawangeweza kuhama na mifugo yao, kwa hivyo baraza likabaki na maneno tu. Miaka ya baadaye watu wamejitahidi kurudishia dedha nguvu, lakini usidhani kitu kilichojengwa vizazi vingi kinarudi kwa semina moja.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu Isiolo imeandikwa kwenye Ruwaza ya 2030 kama mji wa mapumziko. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa 2012, barabara ya Moyale ni lami, uwanja wa ndege tunao. Siku moja mtu atakuja na tableti na kusema mji wetu uwe smati. Mimi sipingi, nimechoka na kanjo na kelele. Lakini kabla hatujapiga makofi tumuulize: mwenye pesa nyingi ndiye atakuwa mbele kila mara? Mtu wa boda na mama wa maziwa kutoka Kulamawe wana ofa gani? Pikapu yenye mgonjwa inaruka foleni? Na mashine ikikosea, nitamlalamikia nani?

Aba herega alikuwa na jibu la hayo yote, na hakuwa na bando.

Sasa niambie wewe: ungekuwa unaandika hiyo sheria ya kwanza, nani angekuwa mbele ya foleni?