Hekalu, Shati na Sanduku la Kura nchini Thailand



Wapendwa waamini na wasomaji wa ukurasa huu, juma hili nawaalika twende mbali kidogo, hadi Thailand, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa mchele wake tu. Ni nchi ya watu karibu milioni 70, zaidi ya asilimia 90 wakiwa Wabuddha, na Wakatoliki wake hawafiki hata asilimia moja. Tangu tarehe 24 Juni 1932, maofisa wachache wa jeshi na raia wenzao walipokomesha utawala wa mfalme asiyefungwa na sheria, nchi hii imepata katiba 20 na mapinduzi ya kijeshi 12 yaliyofaulu. Anayezisoma tarakimu hizo anaweza kudhani kwamba Wathai hawaipendi demokrasia. Mimi naona vingine. Kila walipofunguliwa vituo vya kura walikwenda, tena kwa wingi, na mara nyingi uamuzi wao ulikuwa wazi kabisa. Misiba yao imetokea baada ya kura kuhesabiwa, au pale mtu mwenye nguvu alipoona kwamba zitahesabiwa dhidi yake.

Tuanzie mwezi Oktoba 1973. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Thammasat, Bangkok, waliandamana kudai katiba, wakaungwa mkono na wananchi kwa mamia ya maelfu. Tarehe 14 Oktoba askari walifyatua risasi, watu 77 wakafa, na Jemadari Thanom Kittikachorn, aliyekuwa Waziri Mkuu, akaikimbia nchi. Ikafuata miaka mitatu ya uhuru ambao Thailand haikuwa imeuzoea: vyama vya wakulima, migomo, magazeti ya kila namna. Lakini ilikuwa pia miaka ambayo Vietnam, Laos na Kambodia ziliangukia mikononi mwa wakomunisti, zote katika mwaka 1975, na hofu ikawaingia matajiri, majemadari na watu wa kawaida waliompenda mfalme wao. Katika hofu hiyo vikapata nguvu vikundi: Skauti wa Vijiji, Krathing Daeng, Nawaphon. Viongozi wa wakulima wakaanza kuuawa mmoja baada ya mwingine. Redio za jeshi zikapiga wimbo uliowaita wapinzani mzigo wa nchi, yaani watu wanaoielemea ardhi bure.

Hapa napenda tusimame kidogo. Katikati ya mwaka 1976, mtawa mashuhuri wa Kibuddha aitwaye Kittivuddho alihojiwa na gazeti moja, akasema kwamba kumwua mkomunisti si dhambi ya kuhesabiwa, kwa kuwa huyo si mtu kamili. Akatoa na mfano: ni kama kumwua samaki ili kumpikia mtawa mchuzi, dhambi ipo, ila thawabu ya kumlisha mtawa inaizidi. Amri ya kwanza ya Buddha kwa wafuasi wake ni kutoua kiumbe chochote chenye uhai. Mtawa huyo aliijua amri hiyo tangu ujana wake, akaitafutia mlango wa nyuma, na wakuu wa dini yake hawakumwadhibu. Sisi tunaopanda mimbarini kila Dominika tuna sababu ya kuyasoma maneno yale taratibu.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Thanom alirudi kutoka uhamishoni. Hakurudi na sare ya kijeshi, bali amevaa joho la mnovisi, akaenda kupewa daraja la utawa katika hekalu la Bowonniwet, hekalu lenye uhusiano wa karibu na familia ya kifalme. Nani angethubutu kumkamata mtu aliyevaa joho? Vijana walibandika mabango kumpinga. Mjini Nakhon Pathom, magharibi ya Bangkok, wafanyakazi wawili wa shirika la umeme waliokuwa wakibandika mabango hayo walikutwa wamenyongwa, wananing'inia kwenye lango la chuma lenye rangi nyekundu.

Tarehe 4 Oktoba wanafunzi wa Thammasat waliigiza mauaji hayo katika mchezo mfupi uwanjani mwa chuo. Gazeti la Dao Siam lilichapisha picha ya mwigizaji aliyenyongwa, likadai kwamba sura yake imefanywa ifanane na ya Mwana wa Mfalme. Redio ya kikosi cha vifaru ikalichukua dai hilo, ikalirudia usiku kucha, ikawaita wazalendo waje. Alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 1976 polisi, wakiwemo wa ulinzi wa mipaka, walikizingira chuo na kukipiga kwa silaha za vita. Waliokimbia walidakwa na umati nje ya lango. Kandokando ya chuo upo uwanja mkubwa wa Sanam Luang, uliozungukwa na mikwaju, na katika miti hiyo miili ya vijana ilitundikwa. Mpigapicha Mmarekani, Neal Ulevich, alipiga picha moja ambayo mwaka 1977 ilipata tuzo ya Pulitzer: mwanamume ameinua kiti cha kukunja juu ya maiti iliyotundikwa, tayari kuipiga, na nyuma yake umati unatazama. Ukiichunguza vizuri utaona katika umati ule nyuso za watoto, na baadhi yao wanacheka. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 46 waliokufa. Waliokamatwa walizidi 3,000, karibu wote ni walioshambuliwa, si washambuliaji. Jioni ile ile jeshi likatwaa madaraka.

Mkuu wa chuo hicho alikuwa Puey Ungphakorn, mchumi aliyewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu na kusifiwa na wote kwa unyofu wake. (Huenda itawafurahisha wasomaji kujua kwamba alisoma, na baadaye akafundisha, Assumption College, shule ya Kikatoliki ya Mabradha wa Mtakatifu Gabrieli.) Naye alilazimika kuihama nchi siku ile ile, akafia London mwaka 1999. Wakomunisti walimwona kibaraka wa mabepari, majemadari walimwona mkomunisti. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya msamaha iliyowafungulia wanafunzi waliokuwa mahakamani, na kwa upande wa pili ikawakinga wauaji wasishtakiwe kamwe. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya tarehe 6 Oktoba.

Mwaka 1992 nitaupita haraka. Jemadari Suchinda Kraprayoon alijifanya Waziri Mkuu baada ya kuahidi kwamba hatafanya hivyo, watu wakaandamana wakiongozwa na Chamlong Srimuang, jeshi likaua, hesabu rasmi ikawa watu 52. Usiku wa tarehe 20 Mei wote wawili walionekana katika televisheni wamepiga magoti mbele ya Mfalme Bhumibol, na mapigano yakaisha. Ulimwengu uliisifu picha ile. Nami naielewa sifa hiyo, ila naona pia kwamba taifa lilijifunza kumngojea mtu mmoja aje kuwaamua, na mtu mmoja hadumu milele.

Mwaka 2001 alichaguliwa Thaksin Shinawatra, tajiri wa simu. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Isan, yaani nyanda za kaskazini mashariki, aliona kura yake ikimrudishia kitu: matibabu kwa baht 30 tu kila aendapo hospitali, na mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji. Wanaomchora Thaksin kama mnunuzi wa kura tu hawajapata kuuguza mtoto bila fedha. Lakini ni Thaksin huyo huyo ambaye katika vita yake dhidi ya madawa ya kulevya, mwaka 2003, watu zaidi ya 2,500 waliuawa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Na chini ya serikali yake, tarehe 25 Oktoba 2004, huko Tak Bai katika kusini yenye Waislamu wengi, waandamanaji 78 walikufa kwa kukosa hewa baada ya kulazwa kwa tabaka ndani ya malori ya jeshi, mikono imefungwa, mbali ya 7 waliopigwa risasi. Kesi yao ilikufa kwa kupitwa na wakati mwezi Oktoba 2024, bila mshtakiwa kusimama kizimbani.

Familia yake ilipouza kampuni yao kwa Temasek ya Singapore mwezi Januari 2006, kwa baht bilioni 73 na bila kulipa kodi, watu wa tabaka la kati wa Bangkok walitoka barabarani. Walivaa manjano. Kadiri ya mapokeo ya Wathai kila siku ya juma ina rangi yake, na Mfalme Bhumibol alizaliwa Jumatatu, siku ya manjano. Shati likawa hoja: anayevaa manjano yu pamoja na mfalme, basi asiyevaa yu pamoja na nani? Jeshi likampindua Thaksin tarehe 19 Septemba 2006. Wafuasi wake wakavaa nyekundu. Familia zikakaa meza moja bila kuzungumza. Wa mjini wakawaita wa vijijini nyati, mnyama wa kulimia, ambaye kwa Kithai jina lake ni tusi la ujinga. Wekundu nao wakalichukua neno la kale la watwana, wakajiita hivyo kwa fahari na kuwaita wenzao mabwana wakubwa. Mwaka 2008 Wamanjano waliiteka ofisi ya Waziri Mkuu, kisha mwezi Novemba wakaufunga uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kwa muda wa juma moja hivi, mpaka mahakama ilipokivunja chama kilichotawala.

Zamu ya Wekundu ilifika mwaka 2010. Kuanzia mwezi Machi walidai uchaguzi mpya, na tangu Aprili wakapiga kambi Ratchaprasong, penye maduka ya fahari ya Bangkok. Wengi wao walikuwa watu wa amani, lakini si wote. Walikuwepo kati yao wenye silaha, na tarehe 29 Aprili kundi lao liliivamia hospitali ya Chulalongkorn kutafuta askari, hata wagonjwa wakahamishwa. Katika kambi ile lilikuwemo hekalu, Wat Pathum Wanaram, lililobanwa kati ya majengo mawili makubwa ya biashara, na pande zote zilijua kwamba limetengwa kuwa mahali pa usalama kwa wanawake, watoto na wazee.

Tarehe 19 Mei jeshi liliingia. Viongozi wa Wekundu walijisalimisha ili damu isizidi kumwagika, wafuasi wao wakalia na kuwazomea, na maelfu wakakimbilia hekaluni. Jengo la CentralWorld, jirani kabisa na hekalu, lilikuwa linawaka moto. Askari walisimama juu ya njia ya treni ipitayo hewani mbele ya lango. Jioni ile watu sita waliuawa ndani ya hekalu na langoni pake. Watatu walikuwa watoa huduma ya kwanza wa kujitolea, na mmoja wao, muuguzi msichana, alipigwa risasi ndani ya hema la majeruhi. Jeshi lilisema kwamba ndani ya hekalu mlikuwa na wapiganaji. Mwezi Agosti 2013 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba risasi zote zilitoka kwa askari, kwamba marehemu hawakuonekana na dalili ya kufyatua silaha, na kwamba hapakuthibitika kuwepo watu wenye silaha mle ndani. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa kijeshi waliamua kutomshtaki mtu. Katika majuma yale yote ya mwaka 2010 walikufa watu zaidi ya 90. Dominika iliyofuata, tarehe 23 Mei, maelfu ya wakazi wa Bangkok walitoka na mifagio na sabuni kusugua barabara. Walikuja kwa moyo mwema, nadhani. Waliofiwa waliona damu ya ndugu zao inaoshwa kabla haijaulizwa ni ya nani.

Vitisho vingine havina risasi. Mwezi Novemba 2011 mzee wa miaka zaidi ya 60 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa ujumbe mfupi wa simu mara nne, uliosemekana kumtukana Malkia. Akafia gerezani Mei 2012. Na mwaka 2014 kitisho kilikaa mlangoni pa kituo cha kura. Yingluck, dada yake Thaksin, alikuwa Waziri Mkuu tangu 2011, na chama chake kikajaribu kupitisha usiku wa manane muswada wa msamaha ambao ungemrudisha kaka yake nyumbani. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini alipoitisha uchaguzi, waandamanaji wa Suthep Thaugsuban, wakipuliza filimbi zao, walisema mageuzi kwanza na kura baadaye. Tarehe 26 Januari, siku ya kupiga kura mapema, walifunga vituo vya Bangkok kwa minyororo. Picha moja inaonyesha mtu akimkaba koo mwenzake aliyekuja kupiga kura. Siku hiyo hiyo kiongozi mmoja wa waandamanaji aliuawa kwa risasi. Katika majimbo 28 hapakuwa na hata mgombea mmoja, kwa kuwa walizuiwa kujiandikisha. Mwezi Machi Mahakama ya Katiba ikaufuta uchaguzi wote, kwa sababu haukufanyika siku moja nchi nzima. Waliouzuia wakapata walichotaka kwa sababu waliuzuia. Tarehe 22 Mei 2014 Jemadari Prayut Chan-o-cha akapindua serikali.

Yaliyofuata yana umbo lile lile. Mwezi Februari 2019 mkuu wa jeshi, alipoulizwa kuhusu wanasiasa waliotaka kupunguza bajeti yake, aliwashauri wakausikilize wimbo ule wa mzigo wa nchi. Mwaka 2023 chama cha Move Forward kilishinda viti 151, kikazuiliwa na maseneta 250 walioteuliwa na wanajeshi, na mwezi Agosti 2024 kikavunjwa na mahakama. Vijana walioandamana kuanzia 2020 wameshtakiwa kwa sheria ambayo kila kosa lake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15.

Hata hivyo ni kizazi hicho kilichoanza kuitafuta tena tarehe 6 Oktoba, ambayo vitabu vya shule viliipita kimya. Watafiti walikwenda Nakhon Pathom, wakalikuta lango walilonyongewa wale wafanyakazi wawili wa umeme. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita nalo lilikuwa bado pale pale, rangi yake nyekundu imechujuka. Mwaka 2019 liling'olewa, likaletwa Thammasat, likasimamishwa katika maonyesho ili watu walitazame.