Kelele kama Fani: Mfano wa Sonic Youth

Aghalabu wahakiki huichukulia kelele kuwa ni ukosefu wa fani. Historia ya Sonic Youth, bendi ya roki iliyoundwa jijini New York mwaka 1981, inaukanusha mtazamo huo. Waasisi wake, Thurston Moore, Kim Gordon na Lee Ranaldo, walianza na magitaa ya bei rahisi ambayo hayakutoa sauti nzuri nyuzi zilipokazwa kwa utaratibu uliozoeleka. Kwa hiyo walibuni taratibu zao wenyewe, wakachomeka bisibisi na vijiti vya ngoma chini ya nyuzi. Moore na Ranaldo walikuwa pia wamepiga katika vikundi vya magitaa vya mtunzi Glenn Branca. Hivyo ufukara ulizaa kanuni.

Mpiga ngoma Steve Shelley alijiunga nao mwaka 1985, na katika albamu ya *Daydream Nation* (1988) kanuni hiyo ilikomaa: ghasia huujenga wimbo badala ya kuubomoa. Hata *Goo* (1990), iliyotolewa na kampuni kubwa, haikuitupa kelele.

Ithibati ya hoja hii ilitokana na hasara. Mwaka 1999 vyombo vyao viliibwa huko California. Kwa kuwa magitaa mengi yalikuwa yameandaliwa kwa nyimbo mahususi, kilichopotea si mbao na nyuzi tu, bali sehemu ya sarufi yao. Bendi iliendelea hadi mwaka 2011. Lakini ghasia tupu, isiyo na kanuni, isingekuwa na cha kuibiwa.